Kitatuzi Kisicho na Madirisha

Garissa Lodge ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi, ilikuwa nyumba ya wageni. Wasomali waliokimbia vita mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipanga vyumba humo, wakaanza kuuza bidhaa hukohuko walikolala. Muda si muda vitanda vikatolewa, kila chumba kikawa duka. Huko ndiko maduka makubwa ya mtaa huo yalikochipukia: mtu alitazama kitanda, akajiuliza kinachukua nafasi ya nini.

Mafundi wa programu hujiuliza vivyo hivyo wanapojijengea kitatuzi.

Kitatuzi ni programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine. Fundi simu akiletewa simu iliyozima ghafla habadilishi kila kipuri. Hushika mita, akagusa pointi hii, akagusa ile, hadi aone umeme umepotelea wapi. Mwandishi wa programu naye ana mita yake. Kitatuzi huisimamisha programu katikati ya mwendo, kikamwonyesha ni thamani gani iliyomo ndani yake na imepitia njia gani kufika hapo. Kwa watumiaji wa Linux, kinachojulikana zaidi ni GDB, kilichoandikwa na Richard Stallman mwaka 1986. Msimbo wake chanzo uko wazi kwa yeyote.

Wengi hukitumia kikiwa tayari kimejengwa, kama suti ya kutundikwa dukani. Anayetaka kinachomkaa sawasawa hushusha furushi la msimbo, zaidi ya megabaiti 20, akashona mwenyewe.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Kwanza hutengeneza folda pembeni ili asichafue msimbo. Kisha huita `configure`, hati inayopima mashine kama fundi cherehani anavyozungusha futi kiunoni kabla ya kushika mkasi. Kompaila ipo? GMP, maktaba ya hesabu, ipo? Tangu toleo la 11 la mwaka 2021, bila GMP hakuna ujenzi. Na curses, maktaba ya kuchora madirisha ndani ya terminali, ipo?

Curses inatakiwa na TUI, kiolesura cha matini ambacho asili yake ni mchango wa kampuni ya Hewlett-Packard. TUI huigawa terminali: msimbo juu, amri chini, na ukipenda, rejista za prosesa nazo zikajipanga. Inapendeza macho, na humsaidia sana anayejifunza. Ila kitatuzi kinachopelekwa kwenye ruta yenye hifadhi finyu, au kitakachoendeshwa na kihariri kama Emacs, chenye madirisha yake, hakina wa kuyatazama hayo. Basi fundi huandika:

`../configure --disable-tui`

Halafu `make`. Mistari inashuka kwenye skrini, feni ya laptopu inavuma. Mwenye kumbukumbu ndogo hujizuia na `make -j2`, kazi mbili kwa wakati mmoja. Akiwa na pupa ya kuachilia kumi, mashine hukwama na asubuhi yake imepotea.

Anayetarajia kuwa ametua mzigo wote atashangaa. Mahali pa kuandikia amri kwa kawaida bado panahitaji maktaba inayoitambua terminali, hivyo hata bila TUI `configure` bado huitafuta. Ustadi ni kujua nguzo ipi inabeba paa na ipi ni urembo, na jambo hilo hujulikana kwa kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho, pole pole, badala ya kuanza upya kwa hasira.

Ujenzi ukikamilika, kilichopotea ni kidogo. Amri za kupanga madirisha, kama `layout` na `focus`, hazipo. `break` bado inasimamisha programu, `step` inaisogeza hatua kwa hatua, `print` inataja thamani, na `backtrace` inataja nani alimwita nani hadi ajali ikatokea. Kazi zote za kusaka hitilafu zimebaki.

Na mtu akisahau, akakiita kwa `gdb -tui`, kitatuzi hiki hakijaribu kubahatisha. Kinamjibu kwamba hali hiyo hakiimudu, kisha kinafunga.