Upande B Usiokuwepo

Tulipokaribia Mlandizi, safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, katikati ya ubeti, deki ya Corolla yangu ilitoa mlio mmoja, klak, na muziki ukakatika. MP3 iliyokuwa mapajani mwa mjomba iliendelea kuhesabu sekunde kama kawaida.

"Imemaliza upande A," mjomba alisema, na hakuwa anatania.

Upande A haukuwepo. Tulichokuwa tumekitumbukiza kwenye deki ni kaseti ya waya: ganda la plastiki lisilo na utepe hata sentimita moja, lenye meno yanayozunguka ili deki isishtuke, na kichwa kidogo cha sumaku kinachokaa uso kwa uso na kichwa cha deki. Waya unatokea ubavuni na kuishia kwenye tundu la hedifoni la MP3. Sauti inageuzwa kuwa sumaku, deki inaisoma ikidhani ni utepe. Meno yakikwama kidogo, deki ya kujigeuza yenyewe huamini utepe umefika mwisho, ikahamia upande wa pili, ambako hakuna kitu.

Shuleni tulifundishwa kupasua kazi ya sanaa vipande viwili, fani kushoto, maudhui kulia, kama mchinjaji wa mbuzi. Siku zote niliuona mgawanyo huo ni wa kivivu. Lakini hiki kiganda ni fani tupu. Kimehifadhi umbo la kaseti, ukubwa wake, mzunguko wake, hata kosa lake la kugeuka, na hakina wimbo wowote ndani. Na siku ile kosa hilo liliusoma wimbo vizuri kuliko nilivyokuwa nikiusoma mimi.

Tulikuwa tunasikiliza dansi lililorekodiwa Nairobi miaka ya 1970. Nyimbo nyingi za wakati ule zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika nne, tano hivi. Bendi iliyozoea kupiga wimbo mmoja kwa robo saa ukumbini ilibidi iukate: Sehemu ya 1 upande huu, Sehemu ya 2 upande ule. Na hawakukata ovyo. Mara nyingi beti na hadithi yake vilikaa upande wa kwanza, na chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na waimbaji kuwaachia wachezaji uwanja, likapewa upande wa pili. Mwenye santuri aliinuka kitini, akaigeuza, akarudisha sindano. Katika hatua zile mbili tatu kutoka kitini alikuwa tayari ameshaanza kucheza.

Anayejua shairi letu atautambua mkato huu. Mshororo wa mizani 16 una ukwapi na utao, nane kwa nane, na kati yake pana pumzi. Pumzi ile imo ndani ya shairi, si nje yake. Ukwapi hujengwa ukijua kwamba utakatwa. Ndiyo maana una kina chake. Santuri ya 45 iliupa wimbo wa dansi pumzi ya namna hiyo, na watunzi wakajifunza kuitegemea.

Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika. Wengi wetu tunaujua wimbo huu kwa kiitikio chake. Kwa spika ya simu, hicho ndicho kinachobaki: sauti za watu, na magitaa yanayochechemea kwa mbali. Upitishe kwenye spika za milango ya gari, hata hizi zangu zilizochanika, ndipo besi inapotokea, na muundo wote unabadilika. Besi haisindikizi. Inatamka maneno machache, inaacha mwanya, kisha inarudi; na gitaa la ridhimu halisubiri, linapita kwenye mwanya ule kama mtu anayepita mlangoni kabla haujafungwa. Waimbaji wanachelewa kuingia, na wanapoingia wanakuta mazungumzo yameshaanza. Wimbo wa mtu anayejitetea, kumbe kesi ilikuwa imeanza kusikilizwa kabla yeye hajafungua mdomo! Hilo limo katika mpangilio wa vyombo, halimo katika neno lolote. Asiyesikia besi husikia malalamiko tu.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kuunganisha MP3 na redio ya gari ni suala la ubora wa sauti. Ubora ni jambo dogo. Waya unaouchagua unaamua wimbo uanzie wapi, ukatike wapi, na nani aingilie.

Kabla ya kaseti ya waya nilikuwa na modyuleta, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kinachorusha nyimbo zako kwa FM hadi kwenye redio yako mwenyewe, sentimita chache tu kutoka kilipo. Gari langu lilitoka Japani na redio yake. Kule bendi ya FM ilikuwa megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu vituo vinakaa kati ya 88 na 108, na modyuleta nayo huanzia 87.5. Kwa hiyo mimi na muziki wangu tulikutana kwenye uchochoro wa megahezi mbili na nusu, pamoja na kila kituo kilichojibana humo. Fundi alitaka kunifungia ekspanda ya kushusha masafa. Nilikataa, kwa ubahili.

Sasa, FM ina tabia moja ambayo mhakiki anapaswa kuipenda: haichanganyi. Mawimbi mawili yakikutana kwenye namba moja, redio humshika mwenye nguvu na kumtupa mwingine. Kwa hiyo huvurugiwi wimbo taratibu, unanyang'anywa. Nilipokuwa nikikaribia Kibaha siku moja, bibi wa taarab aliuliza ni nani aliyemfitini kwa mpenzi wake, na papo hapo, bila hata mkwaruzo, mhubiri akajibu kwa kumtaja shetani. Gari likasogea mita 20, bibi akarudi na ubeti unaofuata. Malumbano kamili, swali na jibu, kila upande na zamu yake. Nimesoma ngonjera zilizotungwa kwa jasho zisizofikia hapo.

Kurudi Dar es Salaam tulipanda Noah ya shemeji, Corolla ikabaki Tanga kwa fundi. Noah ina redio mpya: fleshi, oksi, taa za bluu zisizo na maana. Tulianza na fleshi, ambayo shemeji aliwekewa nyimbo kibandani. Hapo nikajifunza kwamba redio nyingi za namna hii hazifuati alfabeti wala tarehe. Hufuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye fleshi, na kijana wa kibandani alikuwa ameanza na Sehemu ya 2. Chemko likatufikia kwanza. Ni kama kufika harusini watu wakiwa wameloa jasho: unaona furaha, humjui bwana harusi. Nyimbo 11 baadaye, Sehemu ya 1 ikaja kutueleza ilikuwaje, ikafifia polepole pale pale ambapo zamani mtu angeinuka kitini.

Tukasimama Muheza kununua machungwa. Gari linapowashwa, ufunguo ukifika kwenye stata, umeme wa redio hukatwa kwa muda ili betri iende yote kwenye injini. Redio hii, ikizinduka, husahau ilikuwa wapi na kurudi kwenye wimbo wa kwanza. Machungwa, mafuta ya gari, askari wa barabarani, choo cha mtoto: kila mara magitaa yale yale ya kufungulia. Baada ya mara ya nne mtoto alikuwa anayaimba kwa mdomo. Utangulizi ulikuwa umegeuka kiitikio, na beti zake zilikuwa ni safari yetu.

Shemeji akachoka, akachomeka MP3 ya mjomba kwa waya wa oksi, na chaji yake kwenye tundu la sigara. Hapo ukaingia mluzi. Mwembamba, ukipanda na mwendo wa injini, ukishuka dereva akiachia mafuta. Unatoka kwenye alternita: chaji na oksi zote mbili zimeungwa kwenye bodi ya gari, njia mbili za kurudishia umeme mahali ambapo pangetosha moja, na kelele ya alternita huvuka kupitia hapo hadi kwenye sauti. Kaseti ya waya haina tatizo hilo sana, kwa sababu pale sauti huruka kwa sumaku, chuma hakigusi chuma. Kuna kidude cha kutenganisha kinachouzwa kwa mafundi, lakini cha bei rahisi hula na besi, na bila besi nimeshasema tunabaki na nini.

Mimi mluzi nilianza kuuzoea. Kwenye mlima dereva aliporudisha gia, uliruka juu na kukaa hapo kama mpiga fidla asiyejua wimbo lakini anayejua adabu. Mjomba hakuutaka. Akachomoa chaji. Sauti ikawa safi ajabu, na betri ilikuwa na kijiti kimoja.

Ilizimika tulipoipita Mkata, ndani ya chemko, gitaa la solo likiwa hewani. Hakuna aliyesema kitu. Mjomba alikuwa anapiga besi kwa vidole kwenye dashibodi, na hakuacha. Mwanya, noti tatu, mwanya. Shemeji akachomeka chaji tena, MP3 ikawaka taratibu, mluzi ukatangulia, kisha ukaanza wimbo wa kwanza kwenye orodha, mwingine kabisa. Vidole vya mjomba viliendelea na ule wa zamani mpaka kwenye mteremko wa Wami.