Bei na Thamani ya Kitabu cha Kale: Mfano wa Kitale na Bungoma

Mtu aliyerithi kitabu cha kale, awe mwalimu mstaafu wa Bungoma au mkulima wa Kitale, aghalabu huuliza kwanza kina miaka mingapi. Swali hilo halina kosa, lakini ni dhaifu. Umri peke yake haukifanyi kitabu kuwa adimu. Biblia nyingi za karne ya 19 zilipigwa chapa kwa maelfu, na nakala zake hazipati bei kubwa hata leo. Isitoshe, mwaka unaotajwa kuwa wa kitabu huenda usiwe mwaka wa nakala yenyewe. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, kisha ikapigwa chapa tena na tena. Mwenye nakala ya miaka ya 1970 huweza kudhani kwamba anayo ya kwanza, kwa sababu tu hakufunua nyuma ya ukurasa wa jina.

Wauzaji wa vitabu vya kale wana kanuni zao. Hutazama toleo, ukamilifu wa kurasa, hali ya jalada, uchache wa nakala zilizosalia, na majina ya waliopata kukimiliki. Kanuni hizo zina manufaa, ila zilitungwa zaidi kwa ajili ya vitabu vya kuwekwa rafuni. Zinapoletwa Bungoma, ambako kitabu kimoja kiliweza kupitia mikono ya ukoo mzima, yafaa zihojiwe.

Chukua kazi ya Günter Wagner, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya utafiti katika miaka ya 1930 miongoni mwa Walogoli na Wabukusu. Juzuu ya kwanza ya *The Bantu of North Kavirondo* ilitoka mwaka 1949. Ya pili ilitoka mwaka 1956, mwandishi akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1970 zote mbili zilitolewa pamoja, na katika jina jipya neno Kavirondo liliondolewa na Kenya Magharibi ikachukua mahali pake. Kwa soko, juzuu mbili za awali, safi na zenye majalada yake, ndizo zenye bei. Juzuu moja iliyotengwa na mwenzake hushuka sana.

Sasa tuseme juzuu moja imepatikana karibu na Webuye, jalada limelegea, na pambizo zake zimejaa kalamu ya risasi. Mzee wa Kibukusu amesahihisha jina la ukoo, amepinga maelezo ya kiapo, na penye habari za tohara ameongeza jina la rika ambalo mwandishi hakulitaja. Muuzaji ataandika kwamba nakala imechafuliwa. Kwa mhakiki, hiyo ndiyo nakala yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa humo aliyeandikwa amemjibu mwandishi. Maandishi ya Wagner yanapatikana katika maktaba nyingi. Majibu hayo yamo katika nakala hiyo moja tu. Si kila mchoro wa kalamu una uzito, bila shaka. Hesabu ya deni la sukari haiongezi kitu, ingawa hata hiyo huweza kudokeza kitabu kilikuwa katika nyumba ya namna gani.

Huko Kitale hali ni nyingine. Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa mwanajeshi, alianzisha makumbusho yake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mikusanyo na vitabu vyake. Makumbusho mapya yalifunguliwa mwaka 1974. Vitabu vya mkusanyo wa namna hiyo huelezana: cha ndege hukaa karibu na ndege wenyewe, na tarehe ya kimoja huthibitisha safari iliyotajwa katika kingine. Kung'oa kimoja na kukipima peke yake ni kupunguza thamani ya vyote.

Sheria nayo haisaidii sana hapa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, lakini vitabu na hati vimetolewa katika maana hiyo. Kigoda kilichochongwa kabla ya mapigano ya Chetambe, ambayo yalikuwa mwaka huohuo wa 1895, kimo. Kitabu cha umri uleule hakimo. Basi hukumu ya kwanza humwangukia mwenye kitabu.

Naye, kwa nia njema, mara nyingi hukipeleka kikajalidiwe upya kabla ya kukionyesha kwa mtu yeyote. Fundi hukata kingo tatu ili kurasa zilingane, na vipande vyembamba vya karatasi vyenye nusu ya maneno ya mzee hufagiliwa pamoja na vumbi la karakana.