Kitenzi «zijn» na wanaosahihisha «niko»

Huku Keshero watoto wanasema «niko mwanafunzi», na mwalimu anapiga mstari mwekundu: andika «ni mwanafunzi». Kwa mtihani hatubishani naye. Lakini wengine wanaongeza sababu tusiyoweza kuipokea: eti Kiswahili cha Kongo ni mchanganyiko usio na kanuni, na lugha za Ulaya, zenyewe, zina vitenzi safi.

Basi tuwaombe watazame kitenzi kimoja cha Kiflama, ndicho Kiholanzi, lugha ya mapadri wengi waliokuja kwetu. Sheria ya koloni ya mwaka 1908 iliagiza amri za jumla zitangazwe kwa Kifaransa na kwa lugha hiyo.

«Zijn» maana yake kuwa. Wanasema: ik ben, jij bent, hij is, wij zijn, kwa wakati uliopita: ik was, wij waren, tena geweest. Umoja wake uko wapi? Ni mizizi mitatu ya kale iliyoshonwa pamoja. «Is» na «zijn» ni ndugu za est na sunt za Kilatini. Ile b ya «ben» inatoka katika mzizi wa kuota na kukua, ukoo mmoja na fui. Mzizi wa tatu ni wa «was», na wa «wees» inayofungua Salamu Maria ya Kiflama. Maana yake ya kwanza ilikuwa kukaa mahali. (Hata r ya «waren» ilikuwa s zamani, Karl Verner wa Denmark alieleza sababu yake mwaka 1875.)

Kukaa mahali: hapo tusimame kidogo. «-ko» yetu ni alama ya mahali: niko nyumbani, niko Sake. Watu wa Kongo wameitoa kwenye mahali, wakaipeleka kwenye hali: niko mgonjwa, niko mwalimu. Waflama walipita njia hiyo hiyo, na hatujasikia profesa wa Leuven akipiga mstari chini ya «was».

Na Kiswahili cha pwani, kinacholetwa kama kipimo? «Ni» haina wakati uliopita. Inaazima «kuwa»: nilikuwa. Tena ile «li» ya katikati yenyewe ni kitenzi cha kale cha kuwa, kinachosikika bado katika «aliye» na «tulio». Anayesema «nilikuwa» ametaja kuwa mara mbili, wala haoni haya.

Mwalimu asahihishe, lakini aseme: kitabuni tunaandika hivi kusudi tusomwe Tabora na Mombasa pia. Sababu hiyo yatosha. Asimwambie mtoto kwamba mama yake hajui kusema.