Kiganja cha Kwado

Kwado mzuri wa Lubumbashi huuliza kwanza gari linabeba nini. Tundu atalitafuta baadaye. Utamkuta fundi huyu wa tairi kando ya barabara ya Kasumbalesa au ile ya Likasi, tairi kuukuu likiwa ndilo kibao chake, akiwa na kompresa, jeki, mitalimbo ya kubandulia, beseni la maji la kuonea mapovu. Vifaa vyake hununulika kwa siku moja. Kusoma tairi ndiko kunakochukua miaka.

Katanga swali lake lina maana zaidi, kwa sababu huku mzigo hudanganya macho. Lori la makaa hutoka porini magunia yakipita kimo cha kabini, na mpita njia hulihurumia. Lori la shaba kutoka Kolwezi, kilomita 300 hivi, hupita likionekana lina nafasi tele, maana tani 30 za shaba hazifikishi hata mita 4 za ujazo. Anayekadiria kwa kimo cha mzigo hukosea kote kuwili. Kwado huinama akatazama pale tairi linapokanyaga ardhi, aone mbavu zimetuna kiasi gani.

Kisha hupitisha kiganja juu ya meno. Tairi lililopungukiwa upepo, au lililobebeshwa kupita kiasi, hulala. Mabega ndiyo yanayobeba, basi mabega yote mawili huliwa upesi. Lililojazwa mno husimama kwa katikati tu, na katikati hupata kipara ilhali kando kungali na meno. Bega moja likiisha peke yake, kosa huwa katika mkao wa gurudumu. Kiganja kikiteleza kinapokwenda na kukwaruzwa kinaporudi, magurudumu hayaelekei sawasawa. Yote haya huyajua kabla hajawasha kompresa.

Umakini huo huonekana zaidi kwenye matairi pacha ya nyuma. Tairi la lori kubwa lenye maandishi 315/80 R 22.5 mara nyingi huandikwa pia 156/150: likiwa peke yake hubeba kilo 4,000, likiwa na pacha wake, kila moja kilo 3,350. Mawili hayahesabiwi kilo 8,000, kwani ni nadra kugawana mzigo sawasawa. La ndani likiishiwa upepo, la nje hulemewa bila mtu wa mbali kugundua. Lile lililolegea nalo hukunjwakunjwa, hupata joto, hadi nyuzi zake za ndani zikachoka. Ndiyo maana kwado huyagonga yote mawili kwa chuma na kusikiliza. Lenye upepo hukirudisha chuma kwa mlio mkavu, lililolegea hukimeza. Sauti humwambia lipi lipimwe kwanza, kisha kipimo huamua.

Hata hivyo, ninayemvulia kofia ni yule anayejua kungoja. Dereva hufika adhuhuri ya Oktoba, lami ikichoma, na tairi alilolijaza bar 8 alfajiri sasa linasoma zaidi ya 9. Mwanagenzi angelipunguza pale pale. Fundi hukataa: “Acha lipoe kwanza, papa.” Anajua kwamba upepo uliopanda joto kutoka nyuzi 20 hadi 60 ndio ulioongeza hiyo bar moja. Ukiutoa sasa hadi kipimo kisome 8, usiku tairi litashuka chini ya 7, na safari ya kesho itaanza na tairi lililolala.

Ujira wa kwado huhesabiwa kwa kiraka. Kupapasa, kugonga na kungoja hakuna anayekulipia, ingawa ndiko kunakookoa tairi ambalo hakuna kiraka kingeweza kulirudisha. Kwa hiyo akikuuliza unabeba nini, usimjibu “vitu kidogo tu”. Mtajie tani. Upepo wa kutosha ni ule unaolingana na mzigo, na anayeujua mzigo ni wewe dereva.