Mtumba, Kafa Ulaya na Chagua: Uhakiki wa Majina Matatu ya Nguo Moja

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Leo tunamwomba msomaji radhi, kwani tunakusudia kuhakiki kazi isiyo na jalada wala jina la mwandishi, ingawa husomwa na watu wengi kila siku. Kazi hiyo ni nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, pamoja na majina ambayo Waswahili na jirani zao wameipa. Tutaitazama fani yake, kisha maudhui, kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Wala tusifichane: sisi si watazamaji wa mbali. Mhakiki wa kazi hii ni mnunuzi wake wa miaka mingi.

Soko letu ni Owino la hapa Kampala, lililoanzishwa mwaka 1971, na ambalo jina lake rasmi sasa ni Mtakatifu Balikuddembe. Limeungua zaidi ya mara moja, mathalani mwaka 2009 na 2011, na kila mara wauzaji wake wamerudi na kujenga upya. Sisi huenda Jumamosi asubuhi, mshahara unapokuwa umeingia. Tunapita katika vichochoro vyembamba, mkoba tumeukumbatia kifuani, na mikono tunaizamisha katika fungu la mashati. Tunatazama kola kama imelika, kwapa kama limebadilika rangi, zipu kama inapanda hadi juu. Tunainua shati kwenye mwanga kutafuta tundu. Kisha tunajifanya hatulitaki, naye muuzaji anajifanya haoni kuwa tunalitaka. Tukiondoka na shati la kitani kwa bei ya kilo mbili za sukari, tunatembea kama watu walioshinda kesi. Anayesema kwamba katika ununuzi huo hakuna raha, huyo ama hajaenda sokoni au anatafuta sifa.

Tukio dogo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tulikuwa tukiwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili habari za kanga. Tuliwaeleza kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani msemo. Na kwamba jina hilo mvaaji hulichagua kwa makusudi, akamwambia jirani, mume au mke mwenza neno ambalo kinywa chake kingeona haya kulitamka. Tulisema kwa kujiamini: "Kanga humsemea mwenyewe." Msichana mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, na sweta lako je? Ulicheza mpira huko?" Tulijitazama kifuani. Sweta tulilolipenda kwa rangi yake lilikuwa na jina la timu ya mpira wa wavu ya shule fulani ya nchi ya mbali. Tulikuwa tumelivaa miaka miwili bila ya kulisoma. Darasa likacheka, nasi tukacheka, lakini swali lile halikutuachia usingizi.

Maana swali lile ni la uhakiki. Kanga humsemea mvaaji jambo alitakalo. Sweta la mtumba humsemea mvaaji jambo asilolijua. Mmoja ameandika, mwingine ameandikwa. Ikiwa ndivyo, sisi walimu wa lugha tunaopenda nguo rahisi na nzuri tumo upande upi?

Tuanze na lugha yenyewe, kwani Kiswahili hakijapata kupokea nguo bila ya kuipa jina, na aghalabu jina huhifadhi habari za safari yake. Bafta jeupe lililotoka Marekani katika karne ya 19 liliitwa merikani, na likaitwa hivyo hata na watu ambao Marekani kwao ilikuwa neno tu. Leso ni neno la Wareno, la kitambaa cha mkononi, nalo limebaki Mombasa kuwa jina jingine la kanga. Hapa Uganda, gomesi limechukua jina la mshonaji wa Kigoa. Suti ya Kaunda imechukua jina la rais wa kwanza wa Zambia. Huko Zaire, kwa Mobutu, vazi la wakubwa liliitwa abacost, kwa maneno ya Kifaransa yanayosema suti ya Kizungu na ipotee. Vazi lenyewe lilipoteza nguvu yake mwaka 1990, siasa ilipobadilika. Kwa hiyo jina la nguo si pambo. Ni ushahidi. Na nguo iliyopewa majina matatu inatoa ushahidi wa namna tatu, nasi tuna wajibu wa kuupima.

Jina la kwanza ni mtumba. Kwa asili mtumba ni mzigo uliofungwa, robota. Jina hili halisemi lolote juu ya uzuri wa nguo wala juu ya aliyeivaa kwanza. Linasema jinsi ilivyofika: imebanwa kwa mashine, imefungwa kwa mikanda, imeuzwa kwa uzito, mara nyingi kilo 45. Mfanyabiashara mdogo hulinunua robota bila ya kuona kilichomo ndani. Akilifungua akakuta koti zuri, amepata. Akakuta madoa na mipira ya kiuno iliyolegea, mtaji wake umekwisha. Kwa upande wa fani, basi, mtumba ni jina la kweli na la heshima. Ni jina la mchuuzi, si la mvaaji. Limezaa pia msamiati wake. Wachuuzi wa Gikomba, Nairobi, huita nguo bora zinazochaguliwa kwanza "kamera", na zile za mwisho, zinazobaki chini baada ya wote kupita, huziita "fagia". Hakuna mtunzi wa kamusi aliyeketi kuyabuni maneno hayo, lakini ni nani asiyeelewa mara moja fagia ni nini, na ni nani anayeinama kuinunua?

Jina la pili ni kafa Ulaya. Hili ni jina la dhihaka, na lina ndugu zake: huko Ghana watu husema, kwa lugha yao, nguo za mzungu aliyekufa. Mnamo Agosti 2023 Rais Museveni, akizungumza Mbale kwenye eneo la viwanda, alitangaza kuwa ataipiga vita biashara hii, akasema ni nguo zinazokusanywa wazungu wanapokufa. Wachuuzi wa Kampala walishtuka, na mjadala ukawaka. Sisi hatuna ugomvi na nia ya kulinda viwanda, tutaifikia. Lakini kama walimu wa lugha hatuna budi kusema kwamba jina hilo lina kosa. Sehemu kubwa ya nguo hizi haikutoka kwa marehemu. Imetoka kwa watu wazima wa afya, waliozivaa mara chache wakazichoka, kwa sababu maduka ya kwao huleta mitindo mipya kila wiki kadhaa kwa bei ya chini. Wamezitia katika masanduku ya misaada. Wakusanyaji wakazitenga kwa madaraja, wakaziuza kwa kilo. Tena hazitoki Ulaya na Marekani peke yake. China nayo siku hizi ni msafirishaji mkubwa.

Hata hivyo jina hilo halikosi maana. Kilichokufa huko ni mtindo, si mtu. Kijana wa Kampala anayefuata mitindo anadhani amewahi, kumbe amepokea mazishi. Lakini tusikimbilie kumhukumu, kwani huyo kijana hatii tu. Huchukua koti la mzee, akampelekea fundi cherehani, likapunguzwa mabega na kufupishwa. Akalivaa juu ya kitenge, na mwezi ujao mtaa mzima unamwiga. Huo ni mtindo wake, ingawa kitambaa si chake. Wacongo wa Kinshasa na Brazzaville walilijua jambo hilo zamani. Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016, na wasapeur wenzake walichukua nguo za Paris wakazifanya hotuba ya Kinshasa.

Tena sisi walimu tuna sababu ya kuwa na haya tunapowasema vijana juu ya mavazi. Mwaka 1969 vijana wa TANU walizunguka Dar es Salaam kuwazuia wasichana wa sketi fupi na mawigi, katika kile kilichoitwa Operesheni Vijana. Hapa kwetu amri ya Idi Amin ya mwaka 1972 ilikataza sketi fupi, na wako wanawake walioteswa kwa ajili ya upana wa pindo. Utamaduni ulitajwa kila mara, na kila mara aliyelipa alikuwa msichana maskini. Uhakiki wa mavazi unaoanza kwa kumtazama msichana magoti umeshindwa kabla ya kuanza.

Jina la tatu ndilo linalotugusa zaidi kama chama cha Kiswahili. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi huziita nguo hizi caguwa. Neno hilo ni letu: chagua. Ni sauti ya mchuuzi aliyemwaga robota chini na kuwaita watu, nayo imevuka mpaka ikawa jina. Huko Zambia nako jina la Kibemba, salaula, linatokana na kupekua fungu na kuchagua. Hapa Uganda baraza la mawaziri lilipitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Nasi tulifurahi, na bado tunangoja vitabu na walimu wa kutosha. Lakini tukubali kwamba neno chagua halikungoja silabasi. Lilifika likiwa limefungwa ndani ya robota.

Sasa tuhakiki maudhui yake. Je, ni kweli tunachagua? Mbele ya fungu, ndiyo. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye angeweza kununua suti moja dukani kwa miaka mitatu, hapa anavaa kwa heshima kila wiki, na watoto wake wanapata makoti ya baridi. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau hajawahi kwenda kazini na shati moja. Lakini panda ngazi moja juu. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kikalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia. Ilipofika tarehe 30 Julai 2018, Marekani iliisimamishia Rwanda nafasi ya kuuza huko nguo zake bila ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Hivyo nchi iliyolikopa neno chagua kutoka kwetu ndiyo iliyojaribu kulitenda, nayo ikatozwa kwa kuchagua.

Na sisi? Sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kiwanda cha Jinja, kilichoanza katika miaka ya 1950 wakati bwawa la Owen Falls lilipoleta umeme, kiliwahi kuwavisha watu wa nchi hizi; vita, uongozi mbaya na ushindani vilikidhoofisha. Wasomi hubishana kiasi gani cha kosa kiwe cha mtumba, na haki ni kusema kwamba viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kuugua kabla ya robota kujaa. Tena ukifunga mlango wa mtumba leo bila ya kuandaa kitambaa chetu, atakayeingia si mfumaji wa Jinja. Ni nguo mpya hafifu kutoka mbali. Lakini kuacha mlango wazi milele, tukajipongeza kwa kuchagua, nako ni kujidanganya.

Hapa mjini, mbunifu Bobby Kolade alianzisha mwaka 2022 kazi ya kuzipasua nguo za Owino, kuzishona upya na kuziuza huko zilikotoka, akaiita Return to Sender, yaani irudi kwa aliyetuma. Tunaipenda dhamira yake, maana ameandika juu ya nguo badala ya kuandikwa. Dosari tunayoiona ni moja: bei yake ni ya mnunuzi wa Ulaya. Mwalimu wa Kampala hatapata kulivaa jibu ambalo limeandikwa kwa niaba yake.

Hukumu yetu basi ni hii. Mtumba ni jina sahihi, kwa kuwa linataja mzigo. Kafa Ulaya ni jina potofu lenye chembe ya ukweli. Chagua ni jina zuri kuliko yote, na ndilo lisilokuwa kweli bado, ni ahadi. Tutaendelea kwenda Owino Jumamosi, kwa sababu mshahara ni ule ule na raha ni ile ile. Ila tumelipeleka sweta kwa fundi, akafumua herufi moja moja na kulipa mfuko mdogo mahali pake. Na tumewapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi ambalo tunawapendekezea walimu wenzetu: kila mmoja asome kilichoandikwa katika vazi alilovaa nyumbani, aeleze kimetoka wapi na kinasema nini, kisha aandike kwa Kiswahili msemo ambao angependa vazi hilo liseme. Yule msichana ameleta kazi yake kwanza. Ameandika maneno mawili: Nimechagua mwenyewe. Tumempa alama zote, tukaongeza swali pembeni kwa wino mwekundu: Kati ya nini na nini?