Kuwahi si Kuzuia: Kitenzi "Preempt" na Tafsiri Zake za Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili akikutana na kitenzi cha Kiingereza "preempt" huelekea kukimbilia "zuia" na kukiongezea kielezi: "zuia mapema", "zuia kabla". Tafsiri hiyo haijapotoka kabisa, ila imeshika tokeo na kuliacha tendo. Anayezuia hufunga njia. Anayetajwa na kitenzi hiki huiingia njia yenyewe kwanza, na mwenzake afikapo hukuta pamekwisha kukaliwa.

Asili ya neno yathibitisha. Kitenzi kilinyofolewa kutoka nomino "preemption", ambayo kwa mizizi yake ya Kilatini ni kununua kabla ya wengine. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1841 ilimpa mlowezi aliyekwisha kukaa kwenye ardhi ya umma haki ya kununua hadi ekari 160 kabla ya mnada, kwa bei ya chini ya serikali, dola 1.25 kwa ekari. (Wenyeji wa asili wa ardhi hiyo hawakuhesabiwa miongoni mwa waliotangulia, kitenzi hiki huanza kuhesabu pale msemaji anapotaka.)

Ninapendekeza "wahi". Mtu huwahi kiti garini. Humwahi adui kabla hajafyatua risasi. Pingamizi lililo wazi ni kwamba "wahi" hubeba pia maana ya kupata kutenda. Hata hivyo, sarufi huzitenganisha maana hizo: "jeshi limewahi kuwashambulia" hueleza jambo lililopata kutokea, ilhali "jeshi limewawahi" hueleza kutangulia. Kinachopambanua ni mahali pa kiambishi cha yambwa, jambo ambalo kamusi zetu zingefaa kulionyesha kwa mifano.

Uzito wa suala hili hudhihirika katika lugha ya vita. Mkakati wa usalama wa Marekani wa mwaka 2002 ulitetea hatua za namna hii, na mwaka uliofuata Iraki ikavamiwa. Wakosoaji walidai kuwa hapakuwa na shambulio lililokaribia, kwa hiyo vita vile vilikuwa vya kuzuia hatari ya mbali tu. Kiswahili kikisema "shambulizi la kujihami", kimekwisha kumpa mshambuliaji hoja yake kabla ya kesi kusikilizwa. "Shambulizi la kumwahi adui" ni refu na halipendezi sana sikioni, lakini humlazimisha msomaji kuuliza: je, adui alikuwa njiani? Asiyekuja hawahiwi.

Katika taaluma ya kompyuta pendekezo langu halifai. Mfumo endeshi unapokatiza programu moja katikati ya kazi na kuipa nyingine zamu ya kichakato, haujawahi wala haujazuia kitu. Umepokonya, na "pokonya" ndiyo istilahi ninayoiona sahihi hapo.