Nakala ya Nakala: Tahakiki ya Uundaji wa Tarehe katika Modeli za Riba

Wanafunzi wa fasihi waliowahi kulinganisha hati za mkono za tenzi wanajua hatari moja ya zamani: anayenakili kutoka katika nakala, badala ya asili, huyarithi makosa ya aliyemtangulia, kisha huongeza yake. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba hatari hiyo hiyo imo katika hesabu za masoko ya fedha, na kwamba hasara yake si ya kinadharia tu.

Kwanza tufafanue istilahi. Swopu ni mapatano ya pande mbili kubadilishana malipo ya riba: upande mmoja hulipa riba isiyobadilika, wa pili hulipa riba inayofuata soko. Swopsheni ni hiari, wala si lazima, ya kuingia katika swopu siku fulani ijayo kwa kiwango kilichokubaliwa leo. Ili kukadiria thamani ya hiari za namna hii, mabenki hutumia modeli kama ile ya Hull na White ya mwaka 1990. Modeli haizaliwi ikilijua soko. Hupewa bei za swopsheni zilizoko sokoni, na vigezo vyake hurekebishwa mpaka itoe bei zinazokaribiana nazo. Kazi hiyo tutaiita usawazishaji.

Vitabu vingi vya nadharia huandika wakati kwa herufi moja, T, kana kwamba "mwaka mmoja" ni urefu usio na mashaka. Hapo ndipo tunapohitilafiana navyo. Mapatano hayafungwi kwa T, bali kwa orodha ya tarehe. Na tarehe zina Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Tuchukue mfano. Swopsheni ya euro inauzwa Jumanne, 28 Februari 2023. Ni hiari ya mwaka mmoja juu ya swopu ya miaka mitano, ambayo riba yake isiyobadilika hulipwa mara moja kwa mwaka. Siku ya uamuzi ni Jumatano, 28 Februari 2024. Hata hivyo swopu haianzi siku hiyo. Kwa desturi ya soko la euro huanza siku mbili za kazi baadaye, yaani Ijumaa, 1 Machi 2024. Malipo ya kwanza yangekuwa 1 Machi 2025, lakini siku hiyo ni Jumamosi. Basi husogezwa hadi Jumatatu, 3 Machi. Tena kuna sharti kwamba tarehe inayosogezwa isivuke mwezi wake. Kwa sababu hiyo malipo yanayoangukia Jumapili, 31 Mei 2026, hayasogezwi mbele hadi Juni, bali hurudishwa nyuma hadi Ijumaa, 29 Mei.

Sasa tuendelee na mfano wetu. Malipo ya pili yahesabiwe kutoka wapi? Tukihesabu kutoka tarehe asili, tutapata 1 Machi 2026, ambayo ni Jumapili, nayo itasogezwa hadi tarehe 2. Yatafuata 1 Machi 2027, 1 Machi 2028 na 1 Machi 2029, zote siku za kazi. Lakini mtunzi wa programu asiye mwangalifu huongeza mwaka mmoja juu ya tarehe iliyokwisha kusogezwa. Atapata 3 Machi 2026, 3 Machi 2027 na 3 Machi 2028. Tarehe 3 Machi 2029 ni Jumamosi, hivyo swopu yake itakwisha Jumatatu, tarehe 5: siku nne baada ya mwisho wake wa kweli. Amenakili nakala.

Msomaji anaweza kutuuliza: siku nne katika miaka mitano, ni kitu gani? Tunajibu kwamba ubaya haumo katika ukubwa wa kosa, bali katika mahali linapojificha. Bei ya soko imetokana na tarehe sahihi. Modeli inasoma tarehe zilizopotoka. Hata hivyo usawazishaji haulalamiki. Huinamisha vigezo mpaka bei zikubaliane, na kosa la kalenda hugeuka kuwa kosa la kukadiria kuyumba kwa riba. Vigezo hivyo hivyo hutumiwa baadaye kuthamini mikataba mingine ambayo haina bei sokoni, na hapo hakuna wa kugundua.

Kwa hiari za muda mfupi, kosa haliwi dogo tena. Chukua hiari ya siku 30, ambayo mtunzi ameichanganya siku ya uamuzi na siku ya kuanza swopu, akahesabu siku 32. Kwa kuwa athari ya kuyumba hukua kwa kipeuo cha pili cha wakati, makadirio yake yatakosea kwa takriban sehemu 3 katika 100, kabla modeli haijafanya kazi yoyote.

Haki itendeke: wako wanaojua jambo hili. Maktaba ya programu QuantLib, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, huihesabu kila tarehe kwa idadi ya vipindi kutoka tarehe ya msingi, ndipo huisogeza kwa mujibu wa kalenda. Mwenye kuitumia hulazimika kutaja kalenda, kanuni ya kusogeza, na mwelekeo wa kuhesabu, kutoka mwanzo au kutoka mwisho. Usumbufu huo ni elimu.

Kwa upande wetu, tunapendekeza istilahi mbili ambazo mwalimu asiziachanishe: tarehe asili na tarehe iliyosogezwa. Ya kwanza ni ya kuhesabia. Ya pili ni ya kulipia. Mwanafunzi akizitenga kwa lugha, hatazichanganya kwa urahisi katika hesabu. Maana orodha ya tarehe si kiambatisho cha modeli. Ndiyo matini ambayo modeli huisoma, na msomaji mwema hawezi kuiponya matini iliyoharibika.